Tangi Lipimwe Mahali Liliposimama

Mtu atokaye katika viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, akaupa kisogo Mnara wa Mwenge wa Uhuru, akavuka Mtaa wa Lumumba na kuingia Kariakoo, huingia katika mji wa vipimo, ambamo sado ya nyanya hubishaniwa kabla haijamiminwa kapuni, mshale wa mizani hukodolewa macho na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, na gunia lililovishwa kilemba cha lumbesa hutambulika tokea mbali na kila mwenye haja ya kulinunua au kulishitaki. Hapo kipimo ni jambo la hadhara. Mteja aonaye kuwa amepunjwa husema aongezewe, na aghalabu huongezewa, walau kwa maneno makali. Na maofisa wa Wakala wa Vipimo, wakitumia mamlaka waliyopewa na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hupita na mawe yao kuhakiki mizani na kubandika stika ya mwaka. Sisemi kwamba udanganyifu umekwisha sokoni, la hasha, lakini nasema kwamba mdanganyifu wa sokoni hufanya kazi yake mbele ya mashahidi.

Walakini yako mapipa mengine ya kupimia, makubwa mara elfu kuliko sado, ambayo mnunuzi hayaoni wala hajui kuwa yapo. Mtu akiifuata Barabara ya Uhuru kutoka Mnazi Mmoja kwenda Ilala na Buguruni, au akashika Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, hupita nje ya kuta za viwanda ambavyo ndani yake yamesimama matangi ya mafuta ya kula, ya sabuni ya maji, ya rangi, ya sharubati na ya bia, kila moja likiwa limekaa juu ya miguu mitatu au minne, na chini ya kila mguu pana kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mtu mzima, ambacho mafundi hukiita lodiseli, na ambacho ndicho kimwambiacho msimamizi kuwa ndani mna tani ngapi. Mengine hayapimwi kwa uzito bali kwa kina, kwa chombo kilichofungwa ubavuni au juu ya kifuniko. Karibu kila kimiminika kiuzwacho Kariakoo kwa chupa, kwa kopo au kwa dumu la lita 20 kimepita kwanza katika tangi la namna hiyo, na tangi likikosea, kosa lake hugawanywa vipande vidogo vidogo katika maelfu ya chupa, hata hapatikani mlaji mmoja wa kulilalamikia.

Yamkini msomaji ataona kwamba hilo ni shauri la mwenye kiwanda na faida yake, na kwamba akikosea kupima atapata hasara mwenyewe. Dhana hiyo haina msingi. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2011, mafuta ya kula yatengenezwayo viwandani katika nchi yetu yanapasa kuongezwa vitamini A, kama unga wa ngano na wa mahindi unavyopasa kuongezwa virutubisho vyake. Na kiasi cha vitamini kitiwacho hutokana na kiasi cha mafuta yaliyomo tangini, kwa hiyo tangi linalosema tani 20 ilhali lina tani 21 humnyima mtoto wa Manzese sehemu ya dawa ambayo sheria imemwandikia. Kadhalika ushuru na kodi hutozwa kwa lita na kwa tani, na fundi wa rangi au sabuni huchanganya kwa kufuata namba aionayo katika kioo cha mizani. Namba hiyo ikipotoka, kila kitu kinachofuata kinapotoka, na ofisi inabaki na makaratasi yaliyopangwa vizuri kabisa.

Heri nieleze namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana bila maelezo hayo hoja yangu itaonekana kuwa ni malalamiko matupu. William Thomson, aliyekuja kujulikana kwa jina la Lord Kelvin, alionyesha mwaka 1856 kwamba waya wa chuma ukivutwa, nguvu yake ya kuzuia umeme hubadilika. Miaka zaidi ya 80 ikapita, na mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja mahali pake na bila kushauriana na mwenzake, wakapata njia ya kubandika waya mwembamba juu ya chuma ili mnyumbuko wa chuma, hata ule usioonekana kwa jicho, usomwe kwa umeme. Hiyo ndiyo lodiseli: chuma kigumu kilichobandikwa nyaya, kikibebeshwa mzigo kikabonyea kidogo mno, na nyaya zikatoa habari. Habari yenyewe ni hafifu ajabu. Lodiseli ya kawaida iliyopewa umeme wa volti 10 hutoa milivolti 20 tu inapobeba mzigo wake wote, maana yake sehemu moja katika elfu ya mzigo huo husemwa kwa sehemu mbili katika mia za milivolti moja. Unyevu ukiingia katika kisanduku cha nyaya, na jiji letu la pwani lina unyevu wa kutosha, habari ya kilo kadhaa hupotea au huzuliwa.

Pana jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa mitambo hawalijui, au wakilijua hulipuuza. Lodiseli hupima nguvu ambayo dunia hukivutia kitu chini, na nguvu hiyo si sawa kila mahali: karibu na Ikweta ni ndogo, na kadiri mtu anavyoelekea kwenye ncha za dunia ndivyo izidivyo. Mizani iliyosawazishwa Berlin kwa mawe halisi, ikatiwa katika sanduku, ikapakiwa melini, ikashushwa Dar es Salaam na kufungwa bila kuguswa, itasema kilo 997 pale palipo na kilo 1,000. Hapana aliyeiba, hapana aliyeiharibu, na cheti kilichokuja nayo ndani ya sanduku, chenye muhuri na sahihi, ni cha kweli kabisa, ila ni cha kweli huko Berlin. Katika tangi la tani 30 tofauti hiyo hukaribia kilo 100. Watengenezaji waangalifu huweka katika mizani zao mahali pa kuandika nchi itakapotumika, lakini nani ahakikishaye kwamba mahali hapo pameandikwa?

Kisha huja mafundi. Tangi lililotundikwa juu ya lodiseli linapasa kuwa huru kushuka na kupanda, japo kwa unene wa unywele, na mabomba yaingiayo na yatokayo yanapasa kuungwa kwa viungo vinavyonyumbulika. Bomba gumu la inchi nne likiungwa moja kwa moja na kushikiliwa kwa nguzo ya ukutani, hubeba sehemu ya uzito ambao ungebebwa na miguu, na tangi huwa kama mgonjwa anayepimwa uzito hospitalini huku akiegemea bega la nduguye. Mafundi wetu wa kuchomelea vyuma, wale wa Gerezani na kwingineko, ni hodari na wepesi wa kazi, na sina haja ya kuwatia ila. Lakini fundi akiitwa usiku kuziba tundu la tangi, akashikiza waya wake wa ardhi upande mmoja na kuchomea upande mwingine, umeme wa kuchomelea hupita katika lodiseli na kuiua, au, lililo baya zaidi, huijeruhi bila kuiua, ikaendelea kusema, na isemayo si kweli. Lodiseli iliyokufa huonekana siku hiyo hiyo. Iliyojeruhiwa huweza kufanya kazi mwaka mzima ikiwa na stika yake.

Kwa hiyo upimaji wa kweli wa tangi hauwezi kufanywa mezani, wala haufai kufanywa kwa kuinua jiwe la kilo 20 juu ya mguu mmoja na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Unapasa kufanywa pale pale tangi liliposimama, mabomba yakiwa yameungwa kama yanavyoungwa siku ya kazi, na mzigo upandishwe hatua kwa hatua hadi karibu na kujaa, kisha uteremshwe hatua kwa hatua vile vile, maana ziko lodiseli zisomazo vizuri wakati wa kupanda na kukosea wakati wa kushuka. Mtu atauliza: mawe ya tani 30 yatoke wapi, na yatawekwa wapi juu ya tangi la duara? Jawabu lake ni la zamani, na lina hekima. Hutundikwa mawe yaliyohakikiwa ya tani 2, tuseme, namba ikaandikwa. Mawe yakaondolewa, maji yakatiwa tangini mpaka namba ile ile irudi. Mawe yakatundikwa tena juu ya maji hayo, na namba mpya ikaandikwa. Na hivyo hivyo, mawe na maji yakipokezana, mpaka tangi lijae. Ni kazi ya siku nzima, na pengine mbili, yenye jasho na subira. Wako wafanyao kwa maji peke yake yaliyopita katika mita iliyohakikiwa, nayo ni njia halali, mradi wakumbuke kwamba lita 10,000 za maji yenye joto la nyuzi 30 hazina uzito wa kilo 10,000 bali kama kilo 9,957. Na nathubutu kusema kwamba kilo hizo 43 husahauliwa mara nyingi kuliko zinavyokumbukwa.

Vipimo vya kina navyo vina hila zao. Tangi la mafuta lenye kipenyo cha mita 30, ambalo si kubwa kupita kiasi kwa matangi ya Kurasini na Kigamboni, hubeba lita zipatazo 707 katika kila milimita moja ya kina, na milimita moja ni upana wa mstari uliochorwa na mtu asiye mwangalifu. Chombo kipimacho kina kwa mgandamizo kutoka chini hudhani kwamba uzito wa kimiminika haubadiliki. Kikizoea maji, kisha tangi likatiwa mafuta ya kula, mita 10 zitasomwa kama mita 9 na ushei, na msimamizi aliyeamini namba ataendelea kujaza mpaka mafuta yamwagike juu ya vichwa vya watu. Chombo cha rada kitazamacho kutoka juu hakijali uzito wa kitu, lakini hudanganywa na povu na mvuke. Na joto huwadanganya wote: lita milioni moja za petroli zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua lita elfu 10 hadi elfu 12, na mtu asiyejua hesabu hiyo atamwita mlinzi mwizi.

Habari hizi zatosha kutufanya tulitazame upya lile shauri la mita za mafuta bandarini, ambalo lilitikisa nchi Februari 2016, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozuru mahali pa kupokelea mafuta Dar es Salaam na ikadhihirika kwamba mita za kupima mafuta yashukayo melini zilikuwa zimeachwa, na kiasi cha mafuta kikajulikana kwa kutumbukiza ufito katika matangi. Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo akasimamishwa kazi, na magazeti yakajaa. Serikali ilikuwa na haki ya kukasirika, maana nchi iliyonunua mita kwa fedha za umma kisha isizitumie ina maswali ya kujibu. Lakini mazungumzo yetu, nayakumbuka vizuri, yalikwenda kombo tangu mwanzo. Yalikuwa mazungumzo ya mita dhidi ya ufito, kana kwamba mita ni mwaminifu kwa kuzaliwa na ufito ni mwizi kwa kuzaliwa. Ufito unaotumbukizwa na mtu stadi katika tangi ambalo kuta zake zimepimwa na jedwali lake kutengenezwa upya karibuni, huku joto likiandikwa, waweza kuwa na kosa dogo kuliko mita ambayo meno yake yamelika na ambayo haijalinganishwa na chombo kikuu cha kuhakikia kwa miaka miwili. Swali la haki lilikuwa hili: chombo hiki, kiwe mita au ufito, kililinganishwa na nini, lini, na kosa lililokutwa lilikuwa kiasi gani? Sikumbuki kulisikia swali hilo likiulizwa hadharani.

Wazee wetu wa pwani walilijua swali hilo kabla hatujawa na mita. Pishi ilikuwa na vibaba vinne, jizla ilikuwa na pishi 60, frasila ilihesabiwa kwa ratili 35 au 36, na mfanyabiashara mwenye busara akitoka mji mmoja kwenda mwingine hakuuliza bei ya frasila kabla hajaiona frasila yenyewe. Dini nayo imelitilia mkazo: Kurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina kwa wale wapunjao vipimo. Lakini mpunjaji wa zamani alikuwa na nia. Alikuwa na pishi mbili nyuma ya mlango, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia. Lodiseli iliyojeruhiwa haina nia, na kwa sababu hiyo watu wengi huisamehe na kusema kwamba ni bahati mbaya ya mitambo. Mimi siwafuati katika msamaha huo. Kwa kadiri nilivyopata kuona katika viwanda nilivyopita, mizani ikikosea kwa kumdhuru mwenye kiwanda, fundi huitwa kabla ya jua kuchwa, na ikikosea kwa kumfaa, huachwa ikapumzika mpaka mwaka wa ukaguzi. Mashine haikuwa na nia, lakini aliyechagua siku ya kumwita fundi alikuwa nayo.

Tunavyo vyombo vya kusimamia jambo hili. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una watu na mawe, na una kituo chake Misugusugu, Kibaha, ambako malori ya mafuta hupimwa ujazo wake. Shirika la Viwango Tanzania lina Maabara ya Ugezi, ambako mawe ya wengine hulinganishwa na mawe yaliyo bora zaidi, na hayo na mengine, mpaka mnyororo ufike kwenye kipimo cha dunia nzima, ambacho tangu tarehe 20 Mei 2019 si kipande tena cha madini kilichofungiwa karibu na Paris bali ni hesabu iliyojengwa juu ya kanuni ya maumbile. Upungufu uko mwisho wa mnyororo. Tangi la kuuzia na kununulia hukaguliwa kwa sheria. Tangi la ndani ya kiwanda, lile la kuchanganyia, aghalabu huachiwa hiari ya mwenyewe, na hata likikaguliwa, kinachobaki ni stika isemayo kwamba limepita. Limepita kwa kosa gani? La kilo 5 au la kilo 50? Kwa mzigo upi, tani 2 au tani 28? Stika haisemi, na cheti kisichosema kosa hakimsaidii mhandisi wala mkaguzi, kinaupamba ukuta tu.

Najua nitajibiwa kwamba kulisimamisha tangi siku mbili ni gharama, kwamba viwanda vyetu vinashindana na bidhaa za nje, na kwamba tusiwaongezee wenye mitaji mzigo wa makaratasi. Gharama hiyo siikani, lakini kila kiwanda husimama kwa matengenezo, na upimaji waweza kupangwa ndani ya siku hizo hizo. Na mama wa Kariakoo auzaye vitunguu kwa mizani ya kilo 10, ambaye hasamehewi kuipeleka mizani yake ikahakikiwe kila mwaka na kuilipia ada kutoka katika faida isiyojaza kiganja, hajapata kuulizwa kama siku hiyo ilikuwa na gharama kwake. Insafu haiwezi kuwa na nguvu kwa mizani ya kilo 10 na ikawa na haya mbele ya tangi la tani 30.

Kwa hiyo nauomba Wakala wa Vipimo, na Shirika la Viwango pamoja nao, waagize kwamba kila tangi la kiwanda ambalo namba yake huamua kodi, au huamua kiasi cha virutubisho na dawa katika chakula cha watu, lipimwe mahali liliposimama, mabomba yakiwa yameungwa, kwa mzigo unaofika walau sehemu nne katika tano za ujazo wake, lipimwe tena kila linapochomelewa, na cheti chake kiandikwe kosa lililokutwa kabla ya kusawazishwa na lililobaki baada yake. Na wewe msomaji ufanyaye kazi kiwandani, ukirejea kazini Jumatatu, omba uonyeshwe cheti cha tangi unalolisimamia, usome tarehe yake na mzigo uliofikiwa. Kama mzigo huo haufiki hata nusu ya tangi, basi tangi lako halijapimwa.